Majina 604 kwenye simu yamekuwa 1,449: nisaidieni kuyapunguza bila kupoteza namba ya mtu

Katibu wa Ngamiani

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni katibu wa kikundi cha kufa na kuzikana hapa Tanga. Kazi yangu kubwa ni simu. Mwanachama akifiwa, mimi ndiye napigiwa mwanzo, na mimi ndiye natakiwa kuwafikishia wenzetu habari. Hapa kwetu mtu akifa alfajiri, alasiri ameshazikwa. Hakuna muda wa kutafutana.

Mwezi uliopita nilibadilisha simu. Ile ya zamani ilikuwa na majina 604. Nayajua kwa idadi kwa sababu kila mwaka nayahesabu nikiandaa daftari la michango. Dada yangu aliyeko Muscat akaniletea na iPad ya kuandikia kumbukumbu za vikao. Nikaingiza akaunti ileile ya Google kwenye vyote viwili ili majina yaonekane kotekote. Yanaonekana kweli, lakini kila mtu yupo mara mbili, wengine mara tatu. Nikifuta hapa, limefutika na kule. Mengine nikifuta, baada ya muda nayakuta palepale.

Ingekuwa ni kero ya macho tu ningevumilia. Wiki mbili zilizopita mwanachama wetu mmoja alifiwa na mama yake. Kaka yake anaishi Korogwe. Kwenye simu yangu huyo kaka yupo mara tatu: mara mbili kwa namba anayotumia sasa, mara moja kwa namba aliyoiacha miaka mingi. Niliandika ujumbe, nikagusa jina lililokuwa juu, nikaamini umefika. Alipata habari jioni kwa mtu mwingine, akafika watu wameshatoka makaburini. Hakunilaumu. Alikaa barazani, akaniuliza tu, "Katibu, namba yangu hukuwa nayo?"

Nilikuwa nayo. Iliyokuwa juu ni ile ya zamani.

Nataka kulimaliza hili, na ninaogopa kufuta ovyo nikapoteza namba ya mtu. Mwenye ujuzi anielekeze taratibu.

Nyota ya Mrima

Pole sana katibu. Mbona rahisi? Pakua programu ya kusafisha majina, zipo chungu nzima. Inatafuta yanayofanana, inaunganisha yote kwa mkupuo. Dakika mbili umemaliza.

Mama Vitenge

Katibu, shikamoo. Naomba usifanye hivyo kabla hujasikia yaliyonikuta.

Mimi nauza vitenge Kariakoo. Wateja wengi nawasevu "Mteja Vitenge" halafu naendelea na kazi, jina kamili nitaliuliza siku nyingine. Nilikuwa nao zaidi ya arobaini wenye jina hilohilo. Nikapakua programu ya namna hiyo, sitaitaja, nikabonyeza unganisha yote. Ikaona jina moja, ikawafanya wote mtu mmoja mwenye namba arobaini na kitu. Na kwa kuwa simu ilikuwa inasinki, yaani badiliko la kifaa kimoja linakwenda na kwenye vingine, kwenye tableti ya dukani nako wakawa mtu mmoja muda uleule. Siku tatu nilikaa nafungua jumbe za WhatsApp moja moja kujua nani ni nani. Wapo ambao mpaka leo sijawatambua, na mmoja ana deni.

Jambo lingine, programu ile kabla ya kuanza iliomba ruhusa ya kusoma majina yote. Nilikubali bila kufikiri. Wewe una namba za wafiwa, wajane, wazee. Hizo umekabidhiwa.

Fundi wa Chumbageni

Dada hapo juu amesema kweli. Tangu Mei 1, 2023 Tanzania ina sheria ya kulinda taarifa binafsi inayofanya kazi, na namba za wanachama zilizo mikononi mwa kiongozi wa kikundi ni za kuangaliwa kwa uangalifu huohuo. Programu usiyoijua usiipe.

Katibu, kabla ya kugusa chochote nijibu mawili. Kwanza, fungua akaunti yako kwenye kompyuta, contacts.google.com, uniambie kuna majina mangapi. Usihesabu kwenye simu, nitakueleza kwa nini. Pili, kwenye laini kuna majina mangapi?

Katibu wa Ngamiani

Kwenye kompyuta ni 1,449. Kwenye laini 241.

Fundi wa Chumbageni

604 mara mbili ni 1,208. Ongeza 241. Unapata 1,449 kamili, haikubaki hata moja.

Kumbuka vizuri: ulipohamisha faili la majina kutoka simu ya zamani, uliligusa mara mbili? Na je, baadaye uliingiza na ya kwenye laini?

Katibu wa Ngamiani

Subhanallah. Ndiyo. Niligusa nikaona kimya, nikadhani haijakubali, nikagusa tena. Halafu kijana aliyenisaidia dukani akasema tuhamishe na ya kwenye laini yasije yakapotea. Kumbe iPad nimeisingizia.

Fundi wa Chumbageni

iPad haina kosa, inaonyesha kilichomo kwenye akaunti. Ngoja nieleze kidogo, maana watu wengi wanapambana na kusinki wakati shida imeanzia kwenye kuingiza.

Kila jina lililomo kwenye akaunti limepewa kitambulisho ambacho wewe hukioni. Simu na iPad zinapowasiliana na seva, yaani kompyuta za Google zinakotunzwa majina, haziulizi "Bi Fulani yupo?" Zinauliza: mwenye kitambulisho hiki amebadilika, amefutwa, au yuko vilevile? Jina hazilitazami, namba hazilinganishi. Ndiyo maana ukifuta kwenye iPad linafutika na kwenye simu. Ndivyo inavyotakiwa kufanya kazi.

Kuingiza faili ni jambo jingine. Lile faili la vCard, yaani faili la kuhamishia majina, ulilotoa simu ya zamani lina watu 604. Ukiliingiza, kila mtu anasajiliwa upya na kupewa kitambulisho kipya. Ukiliingiza mara ya pili, anasajiliwa tena. Kwa macho yako ni mtu yuleyule. Kwa akaunti ni watu wawili waliofanana majina, kama ilivyo hapa mtaani. Utaratibu wa vCard una nafasi ya kuandika kitambulisho cha kudumu, UID, lakini si lazima ijazwe, na hata ikijazwa simu nyingi hazikitumii wakati wa kuingiza. Laini ndiyo kabisa: ni chombo cha zamani, kina nafasi ya jina fupi na namba, basi.

Sasa kwa nini nimekataza kuhesabu kwenye simu. Simu yako ina maghala matatu: akaunti ya Google, simu yenyewe, na laini. Ukifungua orodha unaonyeshwa yote pamoja. Android ikiona jina la ghala hili linafanana na la ghala lile, inayabana pamoja yaonekane moja, kama karatasi mbili zilizoshikwa kwa pini. Hazijawa karatasi moja. Ukifuta la Google, la kwenye laini linabaki, nawe unasema limerudi. Halikwenda popote.

Hata lile la Korogwe nahisi limetoka huko. Kwenye laini uliandika zamani, namba ilipobadilika ukarekebisha kwenye simu tu. Na kwenye laini jina refu hukatwa, kwa hiyo likakaa juu ya yale marefu.

Katibu wa Ngamiani

Nimetazama sasa hivi. Kwenye simu ameandikwa jina lake na neno Korogwe mwishoni. Kwenye laini limeishia "Koro". Ndilo nililoligusa.

Bahari Shwari

Samahani naingilia. Nyote mnaongea kama kurudia jina ni ajali. Mimi mama yangu nimemsevu mara tatu kwa makusudi: Mama Voda, Mama Tigo, Mama Airtel. Dakika za bando langu ni za mtandao kwa mtandao, lazima nijue napiga wapi. Nikiunganisha napoteza hiyo faida. Nadhani nusu ya Tanzania wamesevu hivi.

Fundi wa Chumbageni

Hoja nzito hiyo, na nakubali: nakala nyingi kwenye simu zetu tumezitengeneza wenyewe kwa sababu za mfukoni. Kila ninayemhamishia simu ana kina Baba Voda na Baba Halotel.

Lakini angalia mambo mawili. Tangu Machi 1, 2017 mtu anaweza kuhama mtandao na namba yake. Mama akihama na namba iliyoanza kama ya Voda, jina ulilompa linakudanganya. Na mwaka 2024 Tigo yenyewe imekuwa Yas, ila kwenye simu yako bado ni Mama Tigo. Jina la mtu si mahali pazuri pa kutunzia jina la kampuni.

Tengeneza jina moja, Mama, ndani yake weka namba tatu. Kila namba ina kibandiko chake. Badala ya "ya mkononi" au "ya kazini" chagua kuandika chako, uandike Voda, Yas, Airtel. Ukigusa jina unaulizwa upige ipi. Mtandao ukibadilika unabadilisha kibandiko, mama anabaki mama.

Bahari Shwari

Kwenye kitochi je? Natumia simu mbili.

Fundi wa Chumbageni

Kwenye laini hivyo vibandiko havikai. Kama kitochi ndicho unachotegemea, endelea na mtindo wako humo, ila usiruhusu majina ya laini yaingizwe kwenye akaunti. Kosa la katibu lilikuwa hapo.

Jirani wa Kisauni

Salamu kutoka Mombasa. Wenye iPhone nao wajihadhari. Ukizima majina ya iCloud, yaani hifadhi ya Apple ya mtandaoni, simu inakuuliza uyafute kwenye simu au uyabakize. Watu huogopa, wanabakiza. Siku wakiwasha tena wanachagua kuunganisha, na lile ambalo halikulingana sawasawa linaweza kubaki mara mbili. Na mtu akiwa na iCloud na Google kwa pamoja, jina jipya linaingia kwenye ile akaunti iliyowekwa kuwa ya kwanza, hata kama hakukusudia. Baada ya mwaka, nusu ya majina yako huku na nusu kule. Kuanzia iOS 16, mfumo wa iPhone wa mwaka 2022, kuna tangazo juu ya orodha ya kwamba nakala zimeonekana. Linafaa, ila soma moja moja kabla ya kukubali.

Jambo jingine ni namna ya kuandika namba. Mimi nina ndugu Tanga na Lunga Lunga. Zamani tulikuwa tukipiga Tanzania kwa kuanza na 007, na wao wakitupigia Kenya kwa 005. Kwenye orodha yangu mjomba alikuwa na namba ya 007, nyingine ya +255, na nyingine ya 07 niliyoisevu nilipokuwa kwake nikitumia laini ya huko. Zote ni namba moja! Chombo cha kutafuta nakala kikiona mwanzo tofauti kinaweza kuzihesabu tatu. Tangu nilipozibadilisha zote zianze na alama ya kujumlisha na msimbo wa nchi, napiga nikiwa popote na WhatsApp inawatambua.

Fundi wa Chumbageni

Nashukuru jirani, hilo nilitaka nilifikie. Katibu, sasa kazi. Fuata mpangilio huuhuu, usiruke.

Anza na bakapu, yaani nakala ya akiba. Kwenye kompyuta, ndani ya akaunti, toa majina yote kuwa faili la vCard, tena utoe na la CSV ambalo utaweza kulifungua kwa Excel na kulisoma kwa macho. Yaweke kwenye flashi, flashi iweke kabatini. Usiseme "si yamo kwenye iPad?" Kilichosinkiwa si bakapu, ukikosea hapa, kosa linafika kule kabla hujainua kichwa.

Kisha chagua nyumba moja. Kwako ni akaunti ya Google, kwa sababu simu na iPad zote zinaifikia. Kwenye iPad zima majina ya iCloud kama yamewashwa, na hakikisha akaunti ya majina mapya ni Google. Kwenye simu ingia mipangilio ya majina: mapya yahifadhiwe Google, na kwenye kuonyesha chagua Google peke yake. Ya kwenye laini usiyafute leo, yafiche tu. Simu ikiisha chaji utaichomoa laini na kuiweka kwenye kitochi kama kawaida.

Ile simu ya zamani iko wapi? Kama anaitumia mwanao na akaunti yako bado imo, iondoe. Kuna kitufe cha kupandisha majina ya simu kwenda Google, na kikiwa wazi humo utasafisha mchana na usiku utajazwa upya.

Hayo yakiisha ndipo usafishe, tena kwenye kompyuta. Kuna sehemu ya kuunganisha na kurekebisha. Itakuletea mapendekezo, wawili wawili au watatu watatu. Kuna kitufe cha kukubali yote. Usikiguse, yaliyompata Mama Vitenge umeyasoma. Pitia moja moja. Ukiharibu, kwenye mipangilio kuna kutengua mabadiliko: unairudisha orodha ilivyokuwa saa moja iliyopita, jana, au siku yoyote ndani ya siku 30.

Katibu wa Ngamiani

Nimeanza jana baada ya isha. Bakapu nimetoa, simu ya zamani nimeitoa akaunti, kweli ilikuwa kwa mwanangu na kile kitufe kilikuwa kimewashwa.

Nimekwama kwenye jambo moja. Inanipendekezea kuunganisha Bi mmoja wa Mabokweni na mjukuu wake, kwa sababu namba ni moja. Bibi hana simu, anapigiwa kwa mjukuu. Wako wengi wa hivi, mume na mke, mzee na jirani yake. Nikikubali, jina moja linapotea. Nikikataa, je, itaendelea kuniletea?

Mama Vitenge

Kataa, katibu. Hao ni wanachama wawili wenye michango miwili.

Fundi wa Chumbageni

Kataa. Chombo kinadhani namba ni mtu. Kwetu namba moja inaweza kuwa ya nyumba nzima. Pendekezo ukilikataa linaondoka. Kwenye jina la bibi fungua sehemu ya maelezo, uandike anapigiwa kwa mjukuu, na jina la mjukuu ulitaje. Siku mjukuu akihama utajua pa kuanzia.

Na la Korogwe lisikupite: kuunganisha hakuchagui namba iliyo hai. Kunakusanya zote. Yule kaka ukimuunganisha atakuwa jina moja lenye namba mbili, na ile iliyokufa inaweza kukaa juu. Namba zilizoachwa baadaye hupewa watu wengine, ujumbe wa msiba ukamfikia asiyehusika. Kila aliyetokea na namba mbili lazima umuulize.

Katibu wa Ngamiani

Nimemaliza, imenichukua jioni tano.

Mapendekezo yaliisha lakini orodha ilibaki na majina 640. Yaliyozidi 604 yalikuwa ya laini, yaliyokatwa katikati na yenye namba ya zamani, chombo hakikuyatambua. Hayo nimeyatafuta kwa macho, 36, nikayaunganisha kwa mkono. Halafu nikawashughulikia wale wa mtandao kwa mtandao kama fundi alivyomwelekeza Bahari Shwari, maana nami ninao. Sasa nina 583.

Waliotokea na namba mbili au zaidi walikuwa 71. Sikumpigia kila mmoja. Jumapili kwenye kikao nilifungua daftari la michango, nikamwomba kila mtu asimame aseme namba yake mwenyewe, mimi nikilinganisha na iPad. Wasiokuwepo ndio niliowapigia. Watu tisa nilikuwa na namba yao isiyo sahihi kabisa, wala si suala la nakala. Tisa katika kikundi kama chetu ni wengi. Mwenyekiti ameagiza tufanye hivyo kila baada ya miezi sita.

Kuna majina manne sikuyaunganisha wala kuyafuta. Ni ya marehemu, mmoja ni mama yangu, ameandikwa "Mama" na "Mama Nyumbani". Nimeyaacha kama yalivyo.

Swali la mwisho kwa fundi. Dada yangu Muscat na wenzake tuliowasevu wakiwa huku likizo hawana msimbo, na nikiweka msimbo simu hazitoki.

Fundi wa Chumbageni

Bila shaka umeacha sifuri au sufuri mbili mbele. Oman namba zao ni tarakimu nane, hazianzi na sifuri kama zetu. Andika +968 kisha hizo nane, basi. Za kwetu ndizo unazotoa ile 0 ya mwanzo unapoweka +255.

Katibu wa Ngamiani

Imekubali, dada amepokea. Ahsanteni nyote, na Mama Vitenge nakuombea mwenye deni ajitokeze.

Yule wa Korogwe nimembakizia jina moja na namba moja. Jana usiku nilimpigia kuijaribu. Iliita mara mbili, akapokea, akaniuliza, "Katibu, kuna nini?" Nikamwambia hakuna kitu, nilitaka nijue inaita kwako.